Milioni Moja na Moja

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 9 Mei 1951, saa kumi na moja alfajiri, akiwa mtoto wa pili wa karani wa reli, akasoma shule ya msingi jirani na karakana ya treni, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1973 akahitimu chuo cha ualimu, akafundisha hesabu katika shule ya wasichana hadi alipostaafu mwaka 2006.

Huko kazini lilitokea jambo ambalo mwenyewe aliagiza lisomwe leo, lisirukwe wala kupakwa rangi. Ijumaa, tarehe 15 Juni 1984, aliwafundisha wanafunzi wake kwamba milioni moja na moja ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe, kwa kuwa alikwisha kuijaribu kwa namba tasa zote za jedwali la ukutani, nalo jedwali lilikomea tisini na saba, likitosha kwa maelfu machache, si kwa milioni. Msichana wa dawati la nyuma akasimama, akasema inagawanyika kwa mia moja na moja, na marehemu, bila hata kushika chaki, akamjibu, "Ukutani hiyo haipo, au umeizaa wewe? Kaa chini, itakuachia baki tu," darasa likaangua kicheko, na tangu hapo wenzake wakamwita Baki. Jioni ile marehemu aligawanya, akapata elfu tisa mia tisa na moja kamili, pasipo baki, lakini Jumatatu akaanza mada mpya, maana aliogopa kuchekwa, na yule msichana hakunyoosha mkono tena, mwaka uliofuata akaacha shule.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 6 Desemba 1986 na fundi umeme, aliyemtangulia mwaka 2011, wakajaliwa wana wawili na binti mmoja, kitinda mimba, anayesoma historia hii. Alianza kuugua figo Februari 2023, akafariki Jumanne, tarehe 12 Novemba 2024, saa tisa alasiri. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumwangalia, na walimu wenzake.

Jioni ya msiba, mjomba alipoisoma historia hii alisema, "Mwanangu, watu wanakuja kuzika, hawaji kusahihisha hesabu," na binti, kwa kuona haya, akaifuta aya ile, ingawa mama yake alikuwa amemwambia, "Nilimwaibisha mbele za watu, niombeeni radhi mbele za watu." Hakupata usingizi. Asubuhi yake aliiandika upya, akaenda saluni kwa yule msichana, ambaye sasa ni mtu mzima, akamkuta anasuka, akamwomba aje. "Miaka yote hii, leo ndiyo mnagawanya?" alisema bila kuinua macho. "Haya, nitakuja, ila msiniite Baki."

Amekuja, ameketi nasi. Mama mdogo, namba ile inagawanyika, marehemu alilijua hilo tangu jioni ile, na anakuomba radhi mbele ya watu hawa wote. Mwalimu, sasa pumzika.