Dokta Demiana Wissa, Aliyetukagua Vidole Gumba

Ndugu waombolezaji, mtakayoyasikia hamtayasadiki, ila mwandishi wa karatasi hii, mjomba wake Ghattas, alikuwepo.

Dokta Demiana Wissa alizaliwa tarehe 9 Februari 1971 kijijini Kom Sabil, Minya, ukuta mmoja na tanuri la familia la kuangulia mayai. Akiwa na miaka sita alishajua kupima joto la yai kwa kuligusisha kwenye kope la jicho, kwa kufundishwa na mjomba wake, bingwa wa kazi hiyo Misri nzima.

Alisoma shule ya kanisa Mallawi, kisha Chuo Kikuu cha Assiut, akabobea katika ukuaji wa mimba changa. Miaka ishirini na mitano alitoboa vidirisha kwenye mayai ya siku ya tatu, akitazama jeni zikiwaka na kuzimika. Hakuolewa. Waposaji walikuja, wakakuta mayai tele na hakuna la kukaanga.

Mwaka 2009 kaka yake Nasif alipata binti, Marta, mwenye vidole gumba viwili kila mkono. Mama yao, Bi Sofi, akamwamuru mkaza mwanawe, Irini, arudi kwao.

"Alikula tende pacha huyu akiwa na mimba. Nilimwona."

Teksi ilikuwa mlangoni. Irini alikuwa na mtoto wa siku nane kifuani, na Nasif anatazama sakafu. Demiana akasimama kizingitini.

"Mama, mkono unapochipua tumboni, kuna jeni inayopaswa kuwaka upande wa kidole cha mwisho tu. Hii imewaka na upande wa gumba. Swichi yake mbovu hurithiwa, hata ikiruka kizazi. Toeni mikono, nyote."

Akaushika mkono wa mjomba wake, akapapasa kovu kando ya gumba.

"Na hili?"

"Mbwa mwitu huyo. Nilimuua kwa mkono wa pili."

"Mjomba. Mtoto wa watu anafukuzwa."

"Nilizaliwa navyo viwili. Kimoja kilikatwa. Sofi ndiye aliyenishika miguu."

Bi Sofi akajifunika uso. Teksi ikaondoka tupu.

Demiana aliugua saratani ya kongosho miezi saba, akafariki tarehe 3 Novemba 2023. Ameacha mama, kaka, wifi yake Irini, Marta na mjomba. Bwana ampe pumziko penye nuru.

Rasimu ya karatasi hii alisomewa marehemu mwenyewe kitandani, mpaka mjomba alipofika kwenye "aliponya watoto elfu kumi na—"

"Sikuponya hata mmoja, Mjomba. Niliwaambia mama zao, waliponiletea, kwamba hawana kosa. Andika hivyo."