Mchanga wa Kwenda Kibondo

Benchi la Haidari muuza kahawa, pale Kasulu mlima wa bomani unapoanzia, lilinunuliwa Mtabila mwaka jana kambi ya wakimbizi ilipofungwa, na tangu lifike halijawahi kupoa. Asubuhi hiyo Dionis, fundi cherehani wa miaka hamsini na ushee, aliegemeza baiskeli yake ukutani, kiroba cha mchanga kimefungwa mpira kwenye keria, akaketi huku anahema. Ujanani alipeleka mawese Kibondo kwa baiskeli. Baadaye cherehani ikamkalisha, mpaka mwaka jana presha ikamwangusha dukani. Binti yake Careen, mwalimu huko Kibondo, alikuja kumkuta wodini, na tangu siku hiyo huongea naye kwa sauti ya kumwuguza. Hilo lilimuuma Dionis kuliko sindano. Mwezi ujao mjukuu anabatizwa, naye ameapa kufika kwa baiskeli, binti amwone baba yake mzima. Daktari ameruhusu, mradi alale njiani na asishindane na mtu.

– Leo umefika wapi, mzee? Haidari alimuuliza, akimmiminia kahawa.

– Nusu ya mlima. Nikashuka, nikasukuma.

– Kama jana.

– Kama jana, na juzi.

Dionis alianza kuogopa kwamba atakwenda kwa basi, vidonge mapajani. Isihaka, aitwaye Redio Mbao kwa kutangaza asiyoyajua, akasogea.

– Mchanga ni mdogo, bwana. Haba na haba hujaza kibaba. Ongeza kiroba cha pili.

– Nitakufa.

– Hufi. Presha inapanda kichwani kwa sababu nyuma mtu ni mwepesi. Weka uzito kwenye keria, damu itashuka yenyewe.

Tharsisi, karani mstaafu wanayemwita Profesa, akatikisa kichwa.

– Usimpotoshe mwenzio. Mchanga wa mtoni una baridi, unanyonya nguvu za miguu. Achukue wa kule porini Kagerankanda, ule umezoea jua.

– Mchanga unazoea jua?

– Wewe Redio, si wanasema mbio za sakafuni huishia ukingoni? Barabara ya Kibondo ina sakafu?

– Ni vumbi tupu.

– Basi haina ukingo. Anafika.

Haidari hakutaka kupitwa.

– Atoe mchanga, ampakie mama Careen. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

– Mama Careen unamjua ukubwa wake?

– Ndiyo mazoezi yenyewe.

Dionis alicheka, ingawa moyoni hakuwa na raha. Hapo akafika Mwamvua, nesi aliyehamishiwa Kasulu kutoka Lindi wiki ile, akitafuta kashata.

– Shikamooni, wazee.

– Marahaba, mwanangu.

– Samahani, baba, huo mchanga unampelekea nani?

– Hakuna mtu. Najizoesha, nataka kwenda Kibondo.

– Utakwenda nao?

– Eh, si ndiyo mzigo wangu?

– Kwani Kibondo hawana mchanga?

Dionis alimtazama Isihaka. Isihaka akamtazama Tharsisi. Tharsisi akachungulia kikombe chake. Kwao huku mwenye keria tupu huitwa mzururaji, na Dionis tangu ajue kupanda alikuwa amebeba mawese, ndizi, mkaa, hata wagonjwa. Haikuwahi kumjia akilini kwamba mtu anaweza kwenda Kibondo akiwa amejibeba mwenyewe tu.

Akafungua mpira. Kiroba kikaanguka chini. Baiskeli ilimyumbisha mwanzoni, nyepesi mno, kisha ikatulia. Alipofika nusu ya mlima mguu ulitaka kushuka kwa mazoea, akaukatalia. Bomani alifika akiwa juu ya kiti, jasho linamtiririka, na furaha iliyomjaa ilimfanya atake kulia. Akatoa simu.

– Careen, siku ya ubatizo usije kunipokea stendi.

– Kwa nini, baba? Mbona unahema, unaumwa?

– Siumwi, mwanangu. Sipandi basi.