Mstari wa Bonde la Katikati

Ndugu waombolezaji, kwa niaba ya familia nimesimama mimi mdogo wake kumwelezea kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Pembe, na wala hakuwahi kukasirika.

Alizaliwa tarehe 4 Machi 1951, katika nyumba iliyo nyuma ya kiwanda cha matofali, mtoto wa kwanza wa fundi saa, akasoma shule ya msingi hapo mtaani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1975 akahitimu chuoni elimu ya wanyama, ingawa mama alitaka awe daktari wa watu.

Mwaka uliofuata aliajiriwa makumbusho, kwenye chumba cha chini chenye harufu ya dawa ya kufukuza nondo, wale wadudu wanaokula ngozi, akawa anawaainisha wale wanyama wa milimani ambao si mbuzi kamili wala si swala kamili, akapima mafuvu yao, akachora ramani ya makazi yao, wekundu kaskazini, wa kijivu kusini, mstari ukipita katikati ya bonde. Alifunga ndoa mwaka 1980, akafika harusini na tope la mlimani kwenye viatu, na shemeji yangu alizoea kusema kwamba yeye ni mke wa pili, wa kwanza ana pembe. Walijaliwa binti mmoja.

Mwaka jana zililetwa ngozi kutoka bonde lile, si nyekundu wala si za kijivu, naye akakiri waziwazi kwamba ramani yake ina kosa, akaanza kuichora upya. Mwezi Agosti kiharusi kilimwangusha, kikachukua mkono wa kulia na maneno yote, likabaki moja tu, "bado." Daktari akiuliza kama maumivu yamepungua, bado, shemeji akiuliza kama ameshiba, bado. Jamani, tulihangaika. Binti yake alimwekea ramani magotini, akapitisha kidole polepole, akamuuliza kama mstari upite hapa, au kule, au ufutwe kabisa, naye akatikisa kichwa huku machozi yanamtoka, kwa sababu jibu alikuwa nalo, na sisi hatukuweza kulitoa. Wenzake wa kazini walikuja na mafuvu, wakayapanga kando yake kitandani, wakaondoka.

Jumanne iliyopita, alfajiri, binti yake alimshika mkono akamwambia, "Baba, pumzika sasa, ramani tutaimalizia sisi."

Akasema, "Bado," na akakata roho.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliokesha nasi, na wafanyakazi wenzake wa makumbusho. Tulikuahidi kuimalizia, kaka, na hakuna hata mmoja wetu anayejua pa kuanzia. Tusamehe, na upumzike kwa amani.