Leoncio Ccarhuas Anampa, Mshika Kamba wa Sayhuapata

Marehemu Leoncio alizaliwa tarehe 18 Februari 1974 hapa Sayhuapata, nyanda za juu za Ayacucho, mtoto wa nne wa Mzee Hilario na Bi Saturnina, ambao wametangulia.

Alisoma hadi darasa la tatu. Mwaka 1985 majangili walikuwa wakiwapiga risasi vikunya, wanyamapori wadogo wa jamii ya ngamia, ili wapate manyoya yao ya thamani, na baba yake akamtoa shule wakalinde mlima pamoja. Habari za mizoga ya siku zile hakupenda kuzisimulia.

Kazi yake ilikuwa kamba. Kila Juni jumuiya nzima hushika kamba ndefu yenye vitambaa vya rangi, tukawazunguka vikunya polepole mpaka zizini, tukawanyoa, tukawaachia wakiwa hai. Marehemu ndiye aliyepima manyoya kwa kiungo cha kidole. Yakiwa mafupi, mnyama hakuguswa. Alimwambia, "Nenda zako, bwana. Rudi ukishafuga nywele."

Lakini Juni 1996 aliiachia kamba. Upepo ulipeperusha kofia ya msichana aliyekuwa mbele yake, akaikimbilia. Vikunya mia mbili wakaliona pengo, wakatoka wote. Fedha za manyoya yale zingeezeka shule. Watoto wakanyeshewa mwaka mzima.

"Leoncio!" mwenyekiti, Mzee Fortunato, alifoka. "Vikunya mia mbili kwa kofia moja?"

"Ni kofia ya binti yako, mzee."

Watu walicheka. Yeye hakucheka; kila mvua iliponyesha alikwenda kusimama nje ya darasa, naye anyeshewe. Marehemu alimwoa binti huyo, Felícitas, tarehe 9 Mei 1998.

Februari mwaka huu aligunduliwa kuwa na saratani ya tumbo. Kufikia Juni hakuweza kutembea, ila aliomba tumketishe penye jiwe, mdomoni mwa zizi, pale ambapo mtu mmoja akilegea wote wanatoka.

"Baba, ukianguka je?" mwanawe Rómulo alimuuliza.

"Nikianguka, nitaanguka na kamba."

Jumamosi tarehe 7, vikunya walipokuwa wakiingia, upepo uliinyakua kofia ya mama Felícitas, ikapita karibu na goti lake. Aliitazama.

"Thubutu!" mama alimpigia kelele kutoka upande wa pili.

"Sikusogea, mke wangu! Umeona? Sikusogea!"

Waliingia mia tatu na kumi na wawili. Kabla jua halijashuka, wote walikuwa wamerudi mlimani, naye akawasindikiza kwa macho mpaka wakapotea. Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 10 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri. Kofia haijapatikana.

Ameacha mjane, Felícitas Tacas; watoto watatu, Rómulo, Nélida na Yeny; mjukuu mmoja; na mlima wenye vikunya.

Apumzike sasa. Kamba tumeipokea.