Ndege Wanaongoja Ukoko

Julai ile ya sabini na tisa jua lilikuwa limeisahau Kaloleni wiki ya tatu sasa, na kwenye benchi lililo karibu na soko la Burma watu walikunywa kahawa ya Gedi, mchuuzi wa birika, huku wamekumbatia vikombe. Mulama aliketi pembeni. Wenzake walimwita Kampala, maana alipika katika behewa la chakula hadi Kampala mpaka treni ilipoacha kuvuka mpaka, na hadithi zake zote zilianzia huko. Asubuhi hiyo hakuwa na hadithi. Jumamosi alitakiwa akabidhi ufunguo wa nyumba ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, apande basi kwenda kwa bintiye Kakamega, na kuna jambo alilotaka benchi limtoe wasiwasi kabla hajaondoka.

Tangu amzike mkewe Annah mwezi wa tano, hakuwa amewasha jiko. Aliishi kwa chai na mkate wa kibandani.

— Nimepikia mabwana wa suti, alisema akijicheka, lakini nyumbani marehemu hakuniruhusu kushika mwiko. Nimezeeka sijui hata unga ulikaa wapi.

Kisha akawaeleza. Kila msimu wa baridi Annah aliwalisha ndege wa uani: maji ya vuguvugu kwenye bakuli, na ukoko wa ugali kwenye sahani ya bati. Kwanza alimega kipande akakitafuna mwenyewe, shomoro na tetere wakimtazama kutoka ukutani, ndipo akawarushia. Mulama hakuwa amewapa hata punje. Sasa ilikuwa siku ya nne anafungua mlango wa nyuma asubuhi na kukuta ukoko mzima, mviringo kama chini ya sufuria, juu ya ile sahani. Tena una joto.

— Ni jirani, akasema Okoth, fundi viatu waliyemwita Injinia kwa kuwa hakukosa jibu. Amekuonea huruma.

— Ukuta una vigae vya chupa juu. Mlango wa uani nafunga komeo kwa ndani.

— Basi ni wewe. Unapika usingizini.

— Kwa unga gani, Injinia?

Wanyoike, mchoma nyama wa Burma, alishikilia kwamba ni ndege wenyewe. Wamelishwa miaka kumi na mmoja, sasa wanarudisha wema. Okoth akamuuliza shomoro wangapi hubeba ukoko wa sufuria nzima. Arobaini, Wanyoike akasema, na tetere wanashikilia pembeni. Hata Mulama alicheka.

Gedi hakucheka. Aliweka birika chini, akauliza kama ndege wanaula.

— Hapo ndipo pananitisha, Mulama akasema. Hawaugusi. Wanajipanga ukutani, kimya, wananitazama mimi.

— Na wewe unafanya nini?

— Nafunga mlango.

— Basi wanangoja uanze, mzee. Huo ukoko si wa ndege.

Mulama alikuwa ametaka tu waseme ni jirani, wakazane hivyo hadi aamini, aondoke kwa amani.

Ndipo akaja mama mmoja wa sweta ya kijani, akaamkia wote. Jina lake Truphena, mshonaji kutoka Majengo, na ndiye aliyeahidiwa nyumba ya Mulama. Alikuwa ametoka kuizunguka kwa nje, na alikuwa ameipenda.

— Lakini niliambiwa unaishi peke yako, mzee. Ni nani niliyemsikia huko uani akikwangua sufuria?

Wanyoike akatazama ndani ya kikombe kana kwamba kuna kitu kimeanguka humo. Gedi alikuwa anamtazama Mulama.

— Basi, mama akaendelea, nije Jumamosi saa ngapi kuchukua ufunguo?

Mulama akasimama, akafunga vifungo vya koti. Aligundua kwamba ana njaa, njaa ya kweli, ya kwanza tangu mwezi wa tano.

— Unisamehe, mama, akasema. Ile nyumba bado ina watu.

Akashika njia ya kwake, bila kumaliza kahawa.