Rozina Felisiani, Ambaye Hakuwa Demeta

Wapendwa waombolezaji, mimi ni Justa, mdogo wake marehemu. Mkiona kwenye jalada la ratiba yenu maneno yamekatwa kwa wino, ni sisi dada zake tulioyakata asubuhi hii, na sababu mtaisikia.

Dada yetu Rozina alizaliwa tarehe 14 Machi 1974 huko Milanzi, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Felisiani na mama yetu Bertilla. Alibatizwa wiki hiyohiyo, maana baba hakuiamini baridi ya Ufipa kwa mtoto mchanga.

Alisoma shule ya msingi hapohapo Milanzi, akamaliza mwaka 1988. Alikuwa na kichwa cha hesabu na mdomo wa kujibu. Mwalimu alipenda kichwa tu.

Tangu mwaka 1993 alifanya biashara ya dagaa, akiwafuata Kabwe, ziwani, na kuwauza hapa mjini. Msimu wa mvua alilima ulezi.

Mwaka 1996 alifunga ndoa takatifu na shemeji yetu Cleophas, wakajenga Kizwite. Mungu aliwajalia watoto wawili, Steven na Evodia. Evodia alifariki kwa malaria Aprili 2013, akiwa na miaka kumi na miwili. Marehemu alilia sana, kisha akarudi Kabwe kwa sababu Steven alihitaji ada.

Mwaka 2022 shemeji Benjamini, kaka yake Cleophas na mwalimu mstaafu, alileta semina ya kina mama. Mwezeshaji alisema kila mwanamke ana mungu wa kike wa Wagiriki wa kale ndani yake: Hera ni mke, Athena ni akili, Afrodita ni mapenzi. Kila mama alibandikwa kadi kifuani. Dada alipewa Demeta, mama wa mavuno, ambaye binti yake alichukuliwa kuzimu naye akaomboleza hadi mashamba yakakauka. Mwezeshaji akamwambia kuwa huzuni hiyo ndiyo nafsi yake.

Dada aliibandua kadi, akaiweka mezani. Akasema, "Binti yangu anaitwa Evodia. Amelala Milanzi, kaburi lake nalijua." Kisha akala pilau yake, na soda akabeba. Hadithi yenyewe aliipenda, hata akawasimulia wenzake wa dagaa. Kuambiwa kwamba ndiye yeye, hapana.

Benjamini hakuelewa. Dada akipatana bei, shemeji alisema Athena kaamka. Akinyamaza, Demeta analia. Sisi sote tumebatizwa majina ya watakatifu, na hakuna padri aliyewahi kutuambia kwamba kwa jina hilo tumemaliza kujulikana.

Februari 2024 dada alianza kutokwa damu, wakati siku zake zilishakoma. Benjamini akamwambia Cleophas kwamba mwili unaomboleza, Aprili ya Evodia inakaribia, apewe nafasi. Cleophas akamsikiliza kaka yake. Nasema kwa kinyaa: mtu anavuja damu, na mwanamume amekaa sebuleni anaeleza Wagiriki. Julai nilimpeleka hospitali mwenyewe. Ilikuwa saratani ya mlango wa kizazi, imeshasambaa. Daktari aliuliza tulikuwa wapi.

Dada alitibiwa kwa karibu mwaka mzima. Siku za mwisho alinishika mkono, akasema, "Justa, usikubali wanizike kwa jina la watu." Alifariki tarehe 6 Juni 2025, alfajiri, akiwa nyumbani kwake Kizwite.

Ratiba hii ililetwa jana na Benjamini ikiwa na maneno "Demeta wa Ufipa" juu ya picha yake. Sasa mnajua.

Marehemu ameacha mume, Cleophas, mtoto, Steven, mama yetu Bertilla, na sisi wadogo zake watatu. Ameacha pia shemeji Benjamini. Nimemtaja kwa sababu ni wa familia, na kwenye hilo kalamu yangu haifiki.

Analala kando ya Evodia. Ee Bwana, mpokee mtoto wako katika raha yako, na umwite Rozina.