Nilicheza Karata na Kaburi la Mama

Jina la Bwana lipewe sifa, ndugu zangu, hata kabla sijafungua mdomo vizuri!

Wengi mnanijua. Ile mashine ya kusaga mahindi njia ya Kapseret ni yangu. Niliingia Eldoret bila viatu, nimesoma darasa mbili tu, na hakuna mtu alinishika mkono. Nilichimba mitaro, nikabeba magunia, nikanunua mkokoteni, na mkokoteni ukazaa mashine. Nasema hivi mjue sikuwa mjinga. Shetani hakunipata kwa ujinga. Alinipata kwa kiburi!

Uhuru ulipokuja, masetla, wale wazungu wenye mashamba, wakaanza kuuza. Tulichanga watu wengi, tukanunua shamba moja kubwa upande wa Ainabkoi. Mama yangu, ambaye maisha yake yote alikuwa kibarua kwenye shamba za watu, aliuza mbuzi wake wote ili tupate hisa. Siku ya kugawana, kamati iliweka namba ndani ya kofia, kila mmoja akaingiza mkono. Mimi nikatoa ploti ya mtoni, ile kila mtu aliitamani. Watu wakapiga kelele, "Huyu ana mkono wa bahati!"

Ndugu zangu, neno hilo liliniua. Wengine walimshukuru Mungu. Mimi niliushukuru mkono wangu.

Mama aliishi pale msimu mmoja wa mahindi. Akiwa anakufa aliniambia, "Nizike hapa, maana hapa hakuna wa kunifukuza." Tukamzika karibu na mto.

Basi kila Jumamosi, soko likiisha, nilikuwa nyuma ya bucha na karata. Mwanzoni nilijiwekea mpaka: shilingi tano, niende nyumbani. Lakini mpaka huo niliusogeza mwenyewe, kama mtu anayekula shamba ya jirani kidogo kidogo. Baiskeli ikaenda. Cherehani ya mke wangu Wambui ikaenda, nikamwambia iko kwa fundi. Na nilikuwa naomba, kweli, kwa magoti: Bwana, amsha mkono wangu!

Jumamosi moja sikubaki na senti. Macharia, mwenzetu wa lile shamba, akacheka. "Mkono umelala leo? Enda nyumbani uufunike blanketi!" Wote wakacheka. Nikatoa mfukoni karatasi ya namba ya ploti, nikaiweka mezani. Hati za shamba zilikuwa bado kutoka. Karatasi hiyo ndiyo ilikuwa shamba. Tulicheza mara moja tu. Sigara yangu haikuwa imeisha. Jumatatu niliweka kidole gumba mbele ya karani wa kamati, nikasema nimemuuzia Macharia.

Wambui alijua siku trekta lilipoingia. Alisimama mbele yake na jembe. "Baba Njeri, waambie wamekosea ploti!"

Nikamshika mkono, nikamtoa mbele ya trekta.

Trekta lililima mpaka karibu na kaburi, likazunguka. Macharia akaniita kando. "Mama yako sitamlima. Lakini ukitaka kumpalilia, bisha hodi kwangu kwanza."

Ndugu zangu, nilikuwa nimemrudisha mama kwenye shamba ya watu.

Mnadhani niliacha? Wapi! Jumamosi nikarudi, eti kukomboa. Nimefika mezani, Macharia akaniuliza, "Na hilo ni la nani?" Nikatazama. Nimeshika jembe la Wambui, lile alilosimama nalo mbele ya trekta. Nilikuwa nimelileta kulicheza.

Niliogopa. Nikatoka na jembe hilo mpaka kwa Mzee Ochieng, mzee wa kanisa letu, mtu wa reli. Nikamwambia yote, kisha nikamsihi aniombee nishinde mara moja tu, nirudishe shamba. Akanitazama.

"Mimi pia nilicheza, huko Kisumu. Hiyo mara moja tu ndiyo ugonjwa wenyewe. Hapa tutaomba usiende."

Tukaomba. Halafu akasema, "Jumamosi soko likiisha, unakuja hapa. Kila Jumamosi. Na pesa ashike mama watoto."

Mimi, mwanamume wa kujitegemea, nishikiwe pesa! Ilinichoma. Nilikubali. Nilianguka tena mara mbili, na mara zote mbili nilienda mwenyewe kumwambia Mzee kabla jua halijatua. Hiyo mashine ninayojisifu nayo, ufunguo wake anao Wambui mpaka leo.

Namshukuru Mungu, aliniokoa mimi. Shamba hakunirudishia. Nilitaka kulinunua, Macharia akakataa, na ni haki yake. Kila mwaka kabla ya mvua nasimama kwenye geti yake na panga, nabisha hodi. Siku nyingine ananiambia nirudi kesho. Narudi kesho.

Wewe ndugu unayesogeza mpaka wako, usingoje trekta! Mtegemee Bwana, halafu umwendee mtu umwambie kwa mdomo wako. Jumamosi mimi niko kwa Mzee Ochieng. Benchi yake ni ndefu.